Kilichotoka Jaani Kisirudi Jaani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wa vikundi vya ushirika mliotoka Micheweni, Wete, Mkoani na hapa hapa Chake Chake, karibuni. Tunaona mmekuja na mapolo matupu, yale magunia ya plastiki, kanga zilizochanika, vifuu, madumu, chupa na ndara za mguu mmoja. Vyote vitapata kazi leo.

Tuna neno moja la kuwaambia. Kitu kikiokotwa jaani kikafanywa chombo, halafu baada ya mwezi kikafumuka au kikaota ukungu, hakikuokolewa. Kimepita nyumbani kwako tu, kisha kimerudi jaani pamoja na uzi wako, gundi yako na siku yako nzima. Kazi nyingi za mikono mnazoziona kwenye simu zimetengenezwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Sisi tunaishi na chumvi hewani, jua la kaskazi na mvua za masika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu kitapendeza vipi, ulizeni kitaharibikia wapi. Mara nyingi kinaanza kuharibika kwenye maungio: pale palipopigwa msumari, pakapitishwa uzi au pakapakwa gundi.

Waliotutangulia walilijua hilo. Wanawake wa Jambiani na Paje hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani miezi kadhaa, wakayafukua na kuyapiga, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona mbao za mitepe, vyombo vya baharini vya kale, pasipo msumari hata mmoja: usumba unastahimili maji ya chumvi na chuma hakistahimili. Na tunaposema usitupe mbachao kwa msala upitao, tukumbuke kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa, na ulibakishwa kwa sababu bado ulikuwa na kazi.

Tuanze na polo, maana kila nyumba linapatikana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na mpaka leo mtu akienda sokoni anahitaji mkoba wa maana. Polo la mchele la kilo 50 likilazwa lina upana wa karibu sentimita 60 na urefu wa karibu mita 1. Lakini kwanza lijaribuni. Vuta uzi mmoja pembeni kwa kucha. Ukikatika kwa shida, polo zima. Ukikatika kirahisi na kuacha unga mweupe kwenye vidole, jua limeshalimaliza, liacheni. Polo likiachwa juani miezi michache hugeuka maganda, kwa hiyo hata mkoba uliokwisha kushonwa huanikwa kivulini.

Fumua mshono wa chini, kata ubavu mmoja, litandike. Utapata kitambaa cha sentimita 120 kwa 100. Kata utepe wa sentimita 10 kutoka juu, wenye urefu wa 120, uugawe katikati: hiyo ni mikono miwili ya sentimita 60. Kilichobaki ni 120 kwa 90. Kata vipande viwili vya 50 kwa 90, kila kimoja ni mwili wa mkoba. Pembeni kunabaki ukanda wa 20 kwa 90, upasue katikati, kila nusu utoe mkono mwingine wa sentimita 60. Polo moja limezaa mikoba miwili na mikono minne, na kinachobaki ni vipande viwili tu vya sentimita 10 kwa 30.

Mwili ukunje katikati ili chini kusiwe na mshono. Shona mbavu kwa kuacha sentimita 2 kila upande. Mdomo upinde mara mbili, sentimita 3 kila mara. Pembe za chini zivute ziwe pembetatu, upige mshono wa sentimita 12 kukatisha kila pembetatu, na mkoba utapata kitako cha kusimama. Ukimaliza utakuwa na upana wa 34, kimo cha 33 na kitako cha 12. Unabeba kilo 5 za mchele na tungule juu yake.

Sasa sikilizeni makosa, kwa sababu mikoba mingi ya polo inakufa kwa makosa matatu haya haya. Wengine wanashona kwa uzi wa pamba, na uzi unaoza wakati polo bado lina nguvu. Tumieni nailoni. Kosa jingine ni mshono mdogo. Kwenye kanga mshono wa milimita 2 ni mzuri, lakini kwenye polo kila tundu la sindano ni jeraha, na matundu yaliyokaribiana huchanika mstari mzima kama karatasi ya stempu. Wekeni cherehani kwenye milimita 4 na sindano namba 16. Kwa mkono, tumieni shazia, mishono ya milimita 6 au 7, na kila mshono urudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele. Kosa la tatu ndilo kubwa: mkono unashonwa kwenye ukingo wa mdomo tu. Uzito wote unaning'inia kwenye mstari mmoja. Ukunje mkono mara nne uwe na upana wa sentimita 2 na nusu, ushushe sentimita 4 chini ya pindo, uweke kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, halafu shona mraba na ukatishe msalaba ndani ya mraba. Hapo polo litachanika kwingine kwanza.

Na polo la mbolea au la dawa ya shamba lisibebe chakula hata likifuliwa mara kumi. Litumieni kubebea kuni.

Kanga. Doti moja iliyochakaa inatoa busati la mlangoni la sentimita 60 kwa 40. Tunasema doti, si kipande kimoja, na hesabu yake ni hii. Kanga ina urefu wa karibu mita 1 na nusu. Ukiichana kwa urefu, vipande vya sentimita 4, unapata tepe kama 27, yaani mita 40. Kanga mbili ni mita 80. Ukizisuka tatu tatu, kila uzi unapata mita 26 hivi, na msuko hula karibu theluthi. Toa sehemu zilizooza, maana katikati, kwenye mji, ndiko kanga hufa mwanzo. Unabaki na msuko wa mita 14 au 15, wenye upana wa sentimita moja na nusu, na busati la kipimo hicho linataka karibu mita 14. Ukianza na kanga moja utaishia njiani na kitu kisichofaa hata kwa paka.

Kanga za pamba zichaneni kwa mkono badala ya mkasi: katakata ukingoni kila sentimita 4, kisha vuta, itafuata uzi wake yenyewe. Isiyochanika vizuri ina nyuzi za plastiki, hiyo ikateni, na msiichanganye na ya pamba kwa sababu moja itasinyaa ikifuliwa na nyingine haitasinyaa. Kabla ya kuchana, kila rangi iloweke peke yake usiku mmoja na kuisuuza mpaka maji yatoke safi. Nyekundu ndiyo msaliti mkubwa.

Kuunga tepe msifunge fundo, fundo hukera mguu. Toboa tundu la sentimita 1 kwenye ncha ya kila tepe, weka ncha ya mpya juu ya ya zamani tundu juu ya tundu, pitisha mkia wa mpya kutokea chini kwenye matundu yote mawili, vuta. Tepe tatu za mwanzo ziwe na urefu tofauti ili maungio yasikutane mahali pamoja.

Katika kushona, kwanza jueni mstari wa katikati uwe mrefu kiasi gani. Toa upana kwenye urefu: 60 kutoa 40 ni 20. Basi msuko wa kwanza unyooke sentimita 20 kisha uanze kuzunguka. Fundi asiyejua hesabu hii hupata busati la duara alipotaka la yai. La pili, shonea mezani au sakafuni, kamwe usishonee mapajani. Ukishonea mapajani kazi hufuata umbo la paja na busati huinuka kama sinia. Kwenye kona mbili za mviringo, usiuvute msuko. Ulaze tu, uusukume kidogo kuelekea ndani. Ukiona kingo zimeanza kuinuka, umebana: fumua mizunguko miwili ya mwisho. Ukiona zimeanza kujikunjakunja kama pindo la gauni, umelegeza mno. Wengi husema pasi itanyoosha. Haitanyoosha.

Jambo jingine, ambalo si la ufundi lakini ni la adabu. Someni jina la kanga kabla ya kuichana. Yenye jina la Mwenyezi Mungu haikanyagwi, wala aliyokuachia mama yako. Hiyo itieni kwenye foronya.

Kifuu ni kazi fupi, lakini wengi wanaikosea kwenye mpini. Kwa kata ya maji chagueni nazi iliyokomaa, na nusu isiyo na macho, kwa sababu jicho moja kati ya matatu ni laini na litavuja. Kianikeni kivulini siku tatu, nyama iliyobaki itang'oka yenyewe. Juani kinapasuka. Kwarueni nje kwa kigae cha chupa, kisha msasa namba 80, 150 na 240. Msipigilie msumari kutoboa, kifuu hupasuka kufuata nyuzi zake. Tumieni keekee, taratibu, kutoka nje kuingia ndani, na kipande cha ubao kikiegemezwa kwa ndani. Matundu ni mawili yanayotazamana, sentimita 1 chini ya ukingo: moja la milimita 12, la pili la milimita 8. Mpini uchongwe upungue kuelekea nchani, uingie kwenye tundu kubwa, upite juu ya kata na ncha ikamate kwenye tundu dogo. Ukiusukuma unajibana wenyewe, na ukilowa unabana zaidi. Hapana msumari, hapana kutu. Lakini mti uwe umekauka miezi. Mti mbichi utasinyaa na mpini utachomoka wiki ya pili. Kwa kumalizia pakeni mafuta ya nazi kidogo sana, mfute mpaka kitambaa kitoke kikavu, maana yakibaki mengi yatavunda. Vanishi isiguse chombo cha kulia wala cha kunywea.

Hapa tuseme neno juu ya chupa za plastiki, kwa sababu chupa ya maji inaweza kushika nafasi ya waya, na waya kwetu huliwa na kutu mapema. Chupa ya lita 1 na nusu yenye ubavu laini, ikatwe kitako, kisha ikatwe kwa kuzunguka kama unavyomenya chungwa, utepe wa milimita 5. Unapata mita 8 mpaka 10. Zungushieni utepe huo pale mpini wa panga ulipopata ufa, au mguu wa kiti ulipoungwa, ubane kwa mkono kadiri mnavyoweza, ncha ipite chini ya mizunguko. Kisha mwagieni maji yanayochemka. Plastiki ile hujikunyata ikipata moto na kukamata mti kwa nguvu. Chupa zenye makunyanzi mengi ubavuni haziwezi kazi hii, utepe wake hukatika. Na ule mguu wa kiti tunaouona pale nyuma, dawa yake ndiyo hii.

Ndara zina sifa yake: soli ya sponji hainywi maji. Mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa vipande vya ndara, lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Sisi tunaanza na padogo: viatu vya miguu ya ngazi isiteleze kwenye sakafu, vitako vya mbuzi ya nazi. Kateni kwa kisu kikali kilicholowa maji ya sabuni. Gundi nyeupe ya skuli haishiki. Tumieni gundi ya viatu, lakini kwanza sugueni soli kwa msasa mpaka wororo wote uondoke, pakeni pande zote mbili, subirini dakika 10 mpaka gundi isinate kwenye kidole, ndipo mgandamize. Anayegandamiza ikiwa mbichi atazikuta zimeachana asubuhi. Na msiyeyushe ndara wala plastiki kwenye moto kwa kuunganisha: moshi wake ni sumu, na mara nyingi anayeuvuta ni mtoto aliyekaa karibu.

Chupa za kioo tunaziacha kwa watu wazima. Kalamu ya kukatia vioo, ile ya mafundi wa madirisha, ipite mara moja tu kuizunguka chupa, mstari ukutane na mwanzo wake. Ukirudia mstari, ufa utatafuta njia yake mwenyewe. Mimina maji yanayochemka polepole juu ya mstari huku unaizungusha chupa, sekunde 10 au 15, kisha ichovye kwenye maji baridi. Mara tatu au nne, itaachana. Kingo zisuguliwe kwa msasa wa maji, namba 120, 220, kisha 400, na kila wakati ndani ya maji, kwa sababu vumbi la kioo likikauka huingia mapafuni. Msitumie njia ya uzi na spiriti. Ufa wake ni wa bahati nasibu na watu wanaungua. Glasi iliyokatwa hivi haipokei chai ya moto, kingo zake zina nyufa zisizoonekana. Wako wenye ukakasi wa kunywea chupa iliyokuwa ya pombe, na tunawaheshimu. Chombo cha maua au kivuli cha taa ya umeme ukumbini hakina mjadala huo.

Karatasi hatuipendi sana hapa kwetu, tuseme kweli. Sinia la magazeti lililokaushwa Aprili litanuka Mei. Lakini kwa vijisanduku na fremu inafaa, kama gundi imepikwa sawa: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 4 vya maji, koroga bila kuacha mpaka iwe nzito na kung'aa. Ikipoa, tia matone 5 ya mafuta ya karafuu kwa kila kikombe. Karafuu huzuia ukungu, na Pemba hatuna sababu ya kuikosa. Bandikeni safu tatu kwa siku, si zaidi, na kesho yake muendelee tu zikiwa zimekauka.

Mbao za madau ya zamani ni nzuri kwa rafu na fremu, lakini zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Zilowekeni maji yasiyo na chumvi wiki nzima, mkibadilisha maji kila siku, mzikaushe kivulini kabla ya kupaka chochote. Misumari yote itolewe kabla ya msumeno kugusa ubao.

Na sasa madumu. Dumu la mafuta ya kula ni mali. La dawa ya wadudu, la rangi au la mafuta ya gari halioshwi likasafika, hata kama halina harufu, kwa hiyo lisiwe la maji, la chakula wala la mboga. Dumu la mafuta ya kula la lita 5 lifanyeni kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya choo cha skuli. Miti miwili yenye panda, mita 2 kila mmoja, ichimbiwe nusu mita, umbali wa kama sentimita 80, na fimbo ikilazwa juu yake ikipita kwenye mkono wa dumu. Tundu moja la msumari wa moto, sentimita 12 hivi chini ya shingo, upande unaoelekea kwa anayenawa. Maji yajazwe mpaka chini kidogo ya tundu. Kamba itoke shingoni mwa dumu mpaka kwenye kijiti kinachokanyagwa, ili mikono isiguse kitu. Tundu likiwa kubwa, dumu linaisha kwa watoto kumi. Msumari mwembamba unatosha. Kifuniko kisitupwe, maana bila kifuniko mnafuga mbu.

Kuhusu mbu tunaomba mtusikilize vizuri. Tairi lililopakwa rangi na kuwekwa uani bila kutobolewa ni bwawa. Kifuu kilichotupwa kikitazama juu ni bwawa dogo. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye kuta za vyombo kama hivyo, na mayai yake hukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kuta zisuguliwe kwa brashi. Tairi la kupandia mchicha litobolewe chini matundu sita ya upana wa kidole, na kwa kuwa maji hujificha ndani ya mdomo wake, kateni ubavu wa juu uondoke kabisa.

Meza ya kwanza ina mapolo, shazia na uzi wa nailoni. Meza ya mlangoni ni ya kanga, na hapo mtashonea sakafuni kwenye jamvi. Waliokuja na vifuu wapite upande wa fundi wa keekee. Chupa za kioo zitaanza baada ya sala ya Adhuhuri, ndoo za maji zikishajazwa, na watoto watabaki huku ndani.